Kahawa Chungu Inapofika Tumboni

SWALI: Assalaam aleikum, daktari. Kila usiku baada ya sala ya Isha, mimi na wenzangu hukaa barazani hapa Mji wa Kale tukinywa kahawa chungu. Mmoja wetu hushikilia kwamba kahawa ina antioksidanti zinazosafisha damu, na kwamba akinywa vikombe sita huwa ameweka akiba ya siku kadhaa. Je, vitu hivyo huingia katika damu jinsi vilivyo, na hukaa humo muda gani?
— Msomaji, Mombasa

JIBU: Wa aleikum salaam. Mwenzenu amepatia nusu. Kahawa ina antioksidanti (yaani kemikali ziwezazo kuzima molekuli zinazoharibu seli) kwa wingi, hasa zile za jamii ya asidi ya klorojeniki, lakini kinachoingia katika damu si kile kilichomiminwa kutoka kwenye dele.

Asidi hiyo ni asidi mbili zilizoshikana, ya kafeiki na ya kwiniki. (Kafeiki isichanganywe na kafeini, ambayo ndiyo inayowakosesha usingizi na ina njia yake nyingine.) Takriban thuluthi moja tu hufyonzwa katika utumbo mwembamba, na hata hiyo haipiti bila kuguswa, kwa kuwa vimeng'enya vya ukuta wa utumbo na vya ini huibandika salfati au viambata vingine, ili iyeyuke vyema majini na figo ziitoe kwa urahisi. Thuluthi mbili zilizobaki huteremka hadi utumbo mpana, na kwangu mimi hapo ndipo penye habari yenyewe. Bakteria waishio humo huzitenganisha asidi zile mbili, kisha huigeuza ya kafeiki kuwa asidi nyingine, kama vile dihidrokafeiki, ambazo hufyonzwa na kupelekwa kwenye ini. Ndiyo maana damu ikipimwa huonekana mawimbi mawili: la kwanza katika muda wa saa moja hivi, na la pili, ambalo ndilo kubwa, zipitapo saa nne hadi sita tangu mtu anywe. Aliyeondolewa utumbo mpana kwa upasuaji hulikosa kwa kiasi kikubwa wimbi hilo la pili. Na kwa kuwa bakteria wa mtu mmoja si sawa na wa mwingine, mnaokunywa dele moja hampati kiasi kimoja.

Ama kusafisha damu, kiasi kinachoifikia ni kidogo mno, tena kimekwisha kubadilishwa, kwa hiyo nguvu inayoonekana katika chupa ya maabara haiwezi kuchukuliwa kuwa ndiyo ya mwilini. Akiba nayo haipo, kwani sehemu kubwa hutoka kwa mkojo ndani ya siku moja.

Kuna jambo ambalo hukuuliza: buni zikikaangwa hadi kuwa nyeusi ti, sehemu kubwa ya klorojeniki huharibika kwa moto. Unaweza kumwomba muuza kahawa wenu aziepue mapema kidogo, ingawa sidhani kama wenzako wa barazani watamruhusu.