Hava Nagila una mwenyewe

Wiki hii mmeuliza: wimbo gani wa sherehe unaimbwa dunia nzima ila wanaouimba hawajui umetoka wapi? Mi sihitaji kuumiza kichwa, jibu langu ni Hava Nagila, ule wa Wayahudi, ule ambao bwana harusi na bibi harusi wananyanyuliwa juu wakiwa kwenye viti na watu chini wameshikana mikono wanazunguka na muziki unazidi kukimbia mpaka watu wanahema. Hata kama hujawahi kukanyaga harusi ya Kiyahudi ushausikia tu kwenye sinema au sehemu flani. Na kila ukiuliza unaambiwa aah huo ni wa kale, wa tangu enzi za Biblia, hauna mtunzi. Sio kweli jamani. Wimbo kama tunavyoujua leo una miaka mia na kidogo tu, na kuna mtu alikaa na kalamu akaupanga, anaitwa Abraham Zvi Idelsohn, na amefia Afrika hii hii, Johannesburg. Mi ni mwalimu wa kwaya na jambo hili linanigusa sana, kwa hiyo mniruhusu nieleze kirefu kidogo.

Tuni yenyewe ndo ina umri mkubwa kuliko maneno. Ilitoka kwa Wahasidi, Wayahudi wa dini wanaomfuata rabi wao kwa karibu, wa Sadigura, mji mdogo wa Bukovina uliokuwa chini ya dola ya Austria, siku hizi ni sehemu ya jiji la Chernivtsi huko Ukraine. Rabi Israel Friedman wa Ruzhin alihamia huko miaka ya 1840 akitokea Urusi, ambako Tsar Nicholas wa Kwanza alimweka ndani karibu miaka miwili. Sadigura akajenga kasri kabisa, akaishi kama mfalme, na wafuasi wakawa wanamiminika kutoka kila upande. Sasa Wahasidi wana nyimbo zao wanaita nigun, tuni tupu bila maneno, mnaimba ya-ba-bam mezani kwa rabi, mnapiga meza, mnarudia na kurudia mpaka moyo unafunguka. Kwao hiyo ni sala kamili, na wanaamini tuni isiyo na maneno inafika mbali kuliko yenye maneno kwa sababu maneno yana mwisho wake. Hava Nagila ilikuwa hivyo, nigun, haina hata neno moja.

Huyo Idelsohn alizaliwa Latvia mwaka 1882, akasomea uimbishaji wa sinagogi, akapitia Ujerumani, akafanya kazi Johannesburg kwa muda, halafu akaenda kuishi Yerusalemu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Kule akakutana na kitu kilichombadilisha maisha, maana Wayahudi walikuwa wamekusanyika kutoka Yemen, Uajemi, Baghdad, Bukhara, Morocco, kila jamii na sinagogi lake na namna yake ya kuimba zaburi zile zile. Akaanza kuwarekodi kwa fonografu, ile mashine ya zamani unaimba kwenye pembe kubwa na sindano inachora sauti kwenye nta, kazi aliyoifanya kwa ajili ya hifadhi ya sauti ya Chuo cha Sayansi cha Vienna miaka ya 1911 mpaka 1913. Akasikiliza tena na tena, akaandika noti kwa mkono, na kutoka hapo yakatoka majuzuu 10 ya nyimbo za Kiyahudi yaliyochapishwa kati ya 1914 na 1932. Juzuu 10! Na hakuna kompyuta wala nini.

Mwaka 1915 akaiandika ile tuni ya Sadigura kwenye noti. Ikakaa. Desemba 1917 Waingereza chini ya Jenerali Allenby wakaingia Yerusalemu, utawala wa Waturuki ukaisha pale, na mwaka 1918 Idelsohn alikuwa na tamasha la kwaya yake na akawa anahitaji wimbo ambao watu wataupokea. Hapa kila mwalimu wa kwaya ananielewa, tamasha limefika na bado unatafuta wimbo. Akaichukua ile tuni, akaipanga kwa sauti nne, akaweka maneno ya Kiebrania, machache na mepesi: haya tushangilie, haya tuimbe, amkeni ndugu kwa moyo wa furaha. Wengi wanaona nyuma yake kuna Zaburi ya 118 mstari wa 24, ule wa siku aliyoifanya Bwana. Mwenyewe aliandika baadaye kwamba kesho yake tu watu walikuwa wanauimba Yerusalemu nzima. Akauchapisha kwenye kitabu chake cha nyimbo mwaka 1922, na haikuchukua muda wengine wakaanza kuuchapisha kama wimbo wa asili tu, bila jina lake.

Niseme kidogo kuhusu tuni maana hapo ndo utamu ulipo. Kwa sisi wa solfa, yaani wa do re mi, mwanzo wake ni m, halafu m se f m (se ni s iliyopandishwa nusu hatua). Ile kushuka kutoka se kwenda f ni pana kuliko hatua tulizozoea kwenye nyimbo za tenzi, na ukiifundisha waimbaji wataiimba s ya kawaida kila mara mpaka uwasimamishe sauti moja moja. Wakiipata chumba kinabadilika. Waarabu ngazi hiyo wanaiita maqam Hijaz, na wazee wa taarab Zanzibar wanaijua vizuri kwenye udi na kanuni zao, kwa hiyo msikilizaji wa pwani ataupokea wimbo huu haraka kuliko Mzungu. Halafu kile kipande cha uru achim, yaani amkeni ndugu, sentensi ile ile inarudiwa na kurudiwa karibu kwenye noti moja, mwendo unapanda, unapanda, ndo mahali viti vinaponyanyuliwa. Anayeuanza kwa kasi kubwa anauharibu, lazima uanzie chini kabisa ili kuwe na mahali pa kwenda.

Kule Palestina ya wakati ule walowezi wa Kiyahudi wakauunganisha na hora, ngoma ya duara yenye asili ya Romania, wakawa wanaucheza mashambani baada ya kazi. Najua kabisa kwamba wimbo ulibebwa na harakati za Kizayuni na kwamba kuna watu, Wapalestina hasa, ambao hauwezi kuwa wimbo wa furaha tu masikioni mwao, na hilo siwezi kulipita kimya kimya. Lakini ulipovuka kwenda Marekani ukawa wa kila mtu.

Aliyeupeleka mbali kuliko wote ni Harry Belafonte, mtu mweusi wa New York mwenye asili ya Karibiani, kwenye albamu yake ya ukumbi wa Carnegie Hall mwaka 1959. Mwenyewe alishasema kwamba Wayahudi wengi wa Marekani wamejifunza wimbo huo kutoka kwake, na mi namwamini. Ndo Belafonte huyu huyu ambaye mwaka 1965 alitoa albamu na Miriam Makeba na ndani yake wakaimba Malaika yetu! Connie Francis naye akaurekodi 1960. Dick Dale, mpiga gitaa wa California ambaye baba yake alikuwa na asili ya Lebanoni, akaupiga kwa gitaa la umeme 1963, kasi ya ajabu, na ukimsikiliza unaona kabisa ile ngazi ameikuta nyumbani kwao. Mwaka huo huo Lena Horne akaimba Now!, tuni ni hii hii ila maneno ni ya kudai haki za watu weusi, sasa hivi sio kesho, na baadhi ya vituo vya redio vikakataa kuupiga. Miaka miwili baadaye Santiago Álvarez wa Cuba akatumia rekodi hiyo kutengeneza filamu fupi kuhusu polisi wa Marekani wanavyowapiga waandamanaji. Yaani nigun ya mezani kwa rabi imefika mpaka Havana.

Na Olimpiki ya London 2012 Aly Raisman, binti wa Kiyahudi wa Marekani, akacheza jimnastiki, mazoezi yake ya sakafuni, kwa tuni hii akachukua dhahabu, mwaka ambao ilikuwa imetimia miaka 40 tangu wanamichezo na makocha 11 wa Israel wauawe kwenye Olimpiki ya Munich. Mashabiki wa klabu ya soka ya Ajax kule Amsterdam nao wanauimba uwanjani.

Kuna ubishi lazima niutaje. Moshe Nathanson, mwanafunzi wa Idelsohn ambaye baadaye alikuwa mwimbishaji wa sinagogi New York, inasemwa ndo aliyeandika maneno, kwamba mwalimu alitoa zoezi darasani na ya kwake yakachaguliwa. Idelsohn kwa maandishi yake anasema maneno aliyaweka yeye. Mi naegemea upande wa Idelsohn kwa kuwa aliandika mwenyewe angali hai, ila kama kijana alichangia basi jina lake nalo liwepo, kuna ubaya gani? Sisi tunalijua jambo hili vizuri. Malaika imepigwa kila kona ya dunia na mpaka leo watu wanabishana kati ya Fadhili William na Adam Salim, na wakati tunabishana wangapi waliirekodi wakaandika tu "wimbo wa asili wa Kiafrika"? Neno hilo la wimbo wa asili linaonekana la heshima ila mara nyingi ni njia ya kumfuta mtu.

Idelsohn tangu 1924 alifundisha Cincinnati, Marekani, kwenye chuo cha marabi cha Hebrew Union College, mpaka kiharusi kikamwangusha. Mwaka 1937 wakamhamishia Johannesburg kwa familia yake na Agosti 1938 akafariki, ana miaka 56. Kipindi hicho ilikuwa bado miaka 20 na kitu kabla Belafonte hajaufikisha wimbo Carnegie Hall.

Kwaya yetu inauimba mwezi wa nane kwenye harusi ya mwenzetu wa sauti ya tena, na kwenye karatasi ya programu nimeshaandika: tuni ya Wahasidi wa Sadigura, mpangilio wa sauti nne A. Z. Idelsohn, Yerusalemu 1918.