Neno Lenyewe Kwanza, Fumbo Baadaye: Ushauri kwa Anayeandaa Somo la Biblia

Kijana mmoja wa Kiwangwa, aliyepangiwa kuongoza somo la Ufunuo katika kikundi chao, ameniandikia akiuliza kama miaka elfu moja ya sura ya 20, ambayo watakatifu wanatawala pamoja na Kristo, ihesabiwe kama ilivyoandikwa au ichukuliwe kuwa fumbo. Nimefurahi kuulizwa, kwa sababu swali la namna hiyo liliwahi kuniondoa katika huduma niliyoipenda, na kila anayefundisha Neno atakutana nalo.

Nilikuwa nikiongoza kipindi cha Biblia katika usharika mmoja hapa Bagamoyo alipokuja mhubiri mgeni akafundisha Luka 5, pale Simoni anapoambiwa atweke mpaka kilindini. Alisema kilindi ni mfuko wa muumini, nyavu ni bahasha ya sadaka, na samaki ni baraka zinazosubiri sadaka iongezeke. Mbele yake walikaa wavuvi waliotoka baharini alfajiri ile ile. Juma lililofuata niliwaomba wavuvi hao wanisomee habari ile kama watu wa kazi hiyo. Mzee mmoja akaweka kidole kwenye mstari wa 2, unaosema wavuvi walikuwa wakiosha nyavu zao, akaeleza kwamba mvuvi haoshi nyavu mpaka awe amekata shauri kuwa kazi ya usiku huo imekwisha. Kuzishusha tena ni kuzichafua upya, kuzikung'uta na kuziosha upya, mtu akiwa hajalala, tena kwa agizo la asiye mvuvi. Hapo utii wa Simoni ulionekana kwa ukubwa wake, wala hatukuhitaji bahasha. Nilipolisema hilo waziwazi, viongozi waliniondolea kipindi kwa madai kwamba nimempinga mtumishi. Linaniuma mpaka leo, ingawa wale wavuvi bado huja nyumbani kwangu kusoma, na wanasoma vizuri kuliko wengi wenye vyeti.

Sisemi kwamba fumbo halina nafasi. Paulo mwenyewe, katika Wagalatia 4, anawachukua Hajiri na Sara kuwa mfano wa maagano mawili. Origen wa Aleksandria, mwalimu wa Kanisa wa karne ya 3, alifundisha kwamba Andiko lina mwili, nafsi na roho. Augustino, askofu wa kale wa Afrika Kaskazini, aliisoma habari ya Msamaria mwema akamwona Adamu katika yule aliyejeruhiwa, na Kanisa katika nyumba ya wageni. Usomaji huo una uzuri wake, lakini Yesu alikuwa akimjibu mwanasheria aliyeuliza jirani yake ni nani, na msikilizaji anaweza kurudi nyumbani akimjua Adamu bila kumjua jirani. Thomas wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, aliweka mpaka ninaoushika: maana zote za fumbo husimama juu ya maana ya maneno yenyewe, na hoja ya imani hutolewa katika maana hiyo tu.

Wala kushika herufi peke yake si uaminifu. Zaburi 98 inaiambia mito ipige makofi, na hakuna anayeitafutia mikono. Galileo, mwanasayansi aliyesema dunia hulizunguka jua, alipohukumiwa Roma mwaka 1633, nyuma yake kulikuwa na mabishano ya miaka mingi ambamo Yoshua 10, jua liliposimama, ilitumiwa kama ushahidi wa elimu ya nyota.

Kwa hiyo, ndugu yangu, soma sura nzima kabla ya kuuchagua mstari wako. Uliza ni nani anayesema, anamwambia nani, na kama ni shairi, mfano, barua au habari ya jambo lililotukia, kisha uisome tena sura nzima. Tuogope, sote tunaosimama mbele za watu, kumsemea Mungu asichosema, kwa maana wanaotusikiliza huyapeleka maneno yetu nyumbani na kuyatendea kazi kwa fedha na kwa ndoa zao.

Kuhusu miaka elfu, anza na Ufunuo 1:20, ambapo mwandishi mwenyewe anaeleza kwamba vinara saba ni makanisa saba; hicho ni kitabu kinachosema kwa ishara tangu mwanzo. Ireneo, askofu wa karne ya 2, alitarajia ufalme halisi hapa duniani, na Augustino baadaye akafundisha kwamba miaka hiyo ni wakati wa Kanisa. Mimi nasimama na Augustino. Waeleze wenzako misimamo yote miwili, na akitokea mtu wa kuwapangia tarehe ya mwisho wa dunia, mwombe awasomee sura nzima kwa sauti.