Barua pepe zako zinakaa wapi kabla fundi hajapiga windo (kuweka Windows upya)?

Shikamoo mwalimu. Kompyuta ya zamani ya ofisi ina Outlook 2010, mpya nimeweka Thunderbird. Nimebeba faili la PST (ndimo Outlook inamohifadhi barua) kwenye flashi lakini Thunderbird hailifungui. (Kirumba)

Marahaba. Hata ukilibeba mara kumi halitafunguka. Thunderbird huingiza barua hizo kwa kupitia Outlook yenyewe, kwa hiyo programu zote mbili lazima ziwe kwenye mashine moja. Rudi kwenye ile ya zamani. Weka Thunderbird hapo (Outlook ya biti 32 inataka Thunderbird ya biti 32), acha Outlook iwe programu kuu ya barua pepe, kisha ingiza barua kupitia menyu ya zana ya Thunderbird. Zikishaingia, funga Thunderbird kabisa, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika %APPDATA%, nakili folda nzima iitwayo Thunderbird. Hiyo ndiyo unayoipeleka kwenye kompyuta mpya, mahali palepale. Inabeba barua, akaunti, anwani, na hata maneno ya siri uliyohifadhi. Flashi hiyo usiiache steshenari.

Nikihamia programu nyingine barua zangu zitapotea? (Igoma, Buzuruga, Nyegezi na wengine)

Mnaliuliza kila mara na kila mara mnaacha jambo moja ninalolihitaji: akaunti ni IMAP au POP? Fungua mipangilio ya akaunti, tazama namba ya poti. 993 au 143 ni IMAP. Barua ziko kwenye seva (kompyuta ya mtoa huduma), weka akaunti upya zitashuka zenyewe. 995 au 110 ni POP; huenda zilifutwa kwenye seva siku ile ziliposhushwa, na nakala pekee iko kwenye mashine yako. Mkiandika tena, tajeni namba.

Naweza kubeba faili la OST (nakala nyingine ya barua za Outlook) badala ya PST? (Sengerema)

Hapana. Hilo limefungwa na akaunti iliyolitengeneza. Toa barua kwenda PST ukiwa bado ndani ya Outlook.

Fundi amepiga windo na barua za miaka sita hazionekani. Nifanyeje? (Nansio)

Pole sana dada. Izime sasa hivi, usiiwashe tena. Kila inapowaka inaweza kuandika juu ya mahali barua zilipokuwa. Kama ni diski ya kuzunguka, mtu anayejua kazi aitoe, aiunganishe kwenye kompyuta nyingine, atafute mafaili yaliyofutwa. Kama ni SSD (diski isiyozunguka) sitakudanganya, matumaini ni madogo, maana diski hizo husafisha zenyewe vilivyofutwa.

Jambo hili linaniuma. Nilikaa na mama mmoja muuza nyavu hapa mjini, anatafuta barua ya makubaliano ya bei, na msambazaji wake anamdai zaidi. Fundi wake hakuwa mzembe: alinakili kila kilichokuwa kwenye Desktop, Documents, na picha za harusi ya binti yake. Ila barua za POP zilikuwa ndani ya AppData, folda ambayo Windows huificha. Tulifungua eksteno, ile diski ya nje aliyonakilia, mara tatu. Picha zipo zote, barua hakuna hata moja. Alilipa.

Mafundi, muulizeni mteja anasoma barua kwa programu gani kabla hamjagusa kitu. Na wewe mteja, usiitoe mashine mpaka nakala imefunguka kwenye kompyuta nyingine na umesoma barua ya zamani kwa macho yako.

Thunderbird inakataa neno la siri la Gmail, simu inalikubali. (Ilemela)

Kwenye mipangilio ya seva, badilisha njia ya uthibitishaji iwe OAuth2 (unaingia kupitia ukurasa wa Google wenyewe), ya kupokea na ya kutuma pia. Neno la siri liandike mwenyewe, fundi atazame pembeni.

Programu ya Mail ya Windows 10 haipokei wala haitumi. (Magu)

Microsoft iliisitisha tarehe 31 Desemba 2024. Akaunti yako haijafa. Iweke kwenye Thunderbird kama IMAP. Barua ulizozihifadhi kwenye kompyuta peke yake zitoe wiki hii, kabla hujampa mtu yeyote mashine hiyo.