Ukiitwa kwenye mafunzo ya utetezi kwa sababu umewahi kulala njaa

Siku hizi mashirika yameanza kuwaita watu waliopitia njaa wajifunze kuzungumza mbele ya madiwani, wabunge na waandishi wa habari. Ni jema, maana mikutano ya kujadili njaa imejaa walioshiba kwa muda mrefu mno. Nimeyapitia mafunzo hayo kama mshiriki, na sasa huitwa kusaidia kuyaendesha. Nakuandikia wewe uliyepokea mwaliko na hujui huko uendako kuna nini.

Kabla hujakubali, uliza mambo madogo madogo. Nauli inatolewa siku ileile au inarudishwa baadaye? Mwenye mtoto mchanga atamwacha na nani? Chakula kipo, na kinakuja saa ngapi? Usione haya kuuliza. Nimewahi kukaa ukumbini mada ikiwa haki ya chakula, na mlo wa kwanza ukaja saa tisa alasiri, ilhali baadhi yetu tulitoka nyumbani bila kutia kitu mdomoni. Tena siku ya mafunzo ni siku ya kibarua iliyopotea. Anayekuita kwa sababu unalijua jambo hili kuliko yeye, akulipe kama anavyowalipa wajuzi wengine.

Siku ya kwanza hakosekani mtu wa kusema, "Mimi sikuwa na njaa kiasi hicho." Mara nyingi ni mama aliyetoka kumsikiliza mwenzake mwenye kisa kizito zaidi. Hapo mimi husoma maswali manane ambayo FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, huyatumia kupima uhaba wa chakula majumbani. La kwanza haliulizi kama ulizimia. Linauliza kama katika miezi 12 iliyopita uliwahi kuwa na wasiwasi kwamba chakula hakitatosha kwa kukosa pesa au njia nyingine ya kukipata. Kisha yanapanda: hukupata chakula chenye lishe, ulikula aina chache tu, uliruka mlo, ulikula kidogo kuliko ulivyostahili, chakula kiliisha ndani, ulisikia njaa usile, hadi lile la kushinda siku nzima bila kula. Nikifika la nne, watu wameshaanza kuhesabu kwa vidole. Kwa hiyo usijipime kwa kisa cha jirani. Wasiwasi nao umo kwenye kipimo.

Sasa tuje kwenye simulizi, maana ndiko watu wanakoumizwa.

Simulizi ni yako, na inapoishia unapapanga wewe kabla ya kufungua mdomo. Waandaaji wengi, kwa nia njema kabisa, hupenda machozi, na mwenye kamera huyapenda zaidi. Lakini msikilizaji akishalia hutoa noti mfukoni, akaenda zake akijua amemaliza. Wewe ulitaka aguse bajeti. Chukua karatasi, pigia mstari katikati. Upande huu andika utakayosema, upande ule andika usiyoyasema hata ukibanwa: majina ya watoto, shule wanayosoma, ugomvi wa ndani ya nyumba, madeni ya watu wengine. Mtoto wako atakuwa mtu mzima, na picha iliyowekwa mtandaoni leo huenda bado itakuwepo. Fomu ya idhini usiisaini ukiwa umesimama mlangoni. Isome, na ukitaka picha bila sura yako, sema hivyo.

Kuna zoezi la kusimulia kwa dakika mbili. Wengi huanza hivi: "Maisha yalikuwa magumu sana, tumeteseka, tunaomba mtusaidie." Ni kweli tupu, lakini hakuna mtu mezani anayejua afanye nini nayo. Sikiliza hii: "Nilipoachishwa kazi nilikuwa nakula mara moja kwa siku ili wanangu wale mara mbili. Mlo wa shuleni ndio uliokuwa wa uhakika. Shule ilipofungwa, mlo ule ulifungwa nao. Naiomba kamati itenge fungu la chakula kwa miezi ya likizo kwenye bajeti ijayo." Aliyesema hayo hakulia, na hakumtaja mtoto hata mmoja kwa jina. Ametaja nani afanye nini, na lini. Ombi likikosa kimojawapo kati ya hayo matatu, utajibiwa "tumesikia," na mtarudi nyumbani.

Maombi ya namna hiyo yameshafika mbali. Mwaka 2001 nchini India, maghala ya serikali yalikuwa yamejaa nafaka huku watu wakifa njaa vijijini. Shirika la kutetea haki za raia, PUCL, lilikwenda Mahakama ya Juu. Mwezi Novemba mwaka huohuo mahakama iliagiza shule za msingi za serikali na zile zinazosaidiwa na serikali ziwape watoto mlo wa mchana uliopikwa. Si nafaka ya kubeba nyumbani, mlo uliopikwa. Sheria ya taifa ya usalama wa chakula ilikuja mwaka 2013, miaka 12 baadaye, kwa hiyo jiandae na subira pia.

Jiandae vilevile kwa swali la kuchoma. Lazima litakuja: "Sasa kwa nini ulizaa wengi?" au "Mbona wenzako wanajituma?" Lifanyieni mazoezi darasani, mwenzako akae kama mheshimiwa, akuulize kwa dharau kabisa. Usianze kujitetea, kwa sababu ukianza dakika zako zote zitaishia kwenye maisha yako na bajeti itabaki salama. Mimi hujibu, "Mheshimiwa, mlo wa likizo ni kwa watoto waliokwisha kuzaliwa," kisha narudia ombi. Ukiona sauti inakupanda, kunywa maji. Na akikuambia serikali haiwezi kulisha kila mtu, kumbuka kwamba Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kiutamaduni wa mwaka 1966, ibara ya 11, unamtambulia kila mtu haki ya msingi ya kutokuwa na njaa. Nchi nyingi zimeuridhia. Muulize mwezeshaji mapema kama yenu imo, na katiba yenu inasemaje. Huendi pale kuomba hisani.

Zipo siku utaitwa na hujisikii kusimulia. Kataa. Usitoe sababu. Utetezi una kazi nyingine nyingi: kuandika barua, kuhesabu kura za kamati, kusoma bajeti mstari kwa mstari. Hiyo ya bajeti naipenda kuliko zote, ingawa wenzangu huisinzia.

Mkutano ukiisha, kabla viti havijasogezwa, mmoja wenu asimame asome kwa sauti nani ameahidi nini na kwa tarehe gani, wahusika wakiwa bado wapo. Barua ya kuwakumbusha iende wiki hiyohiyo, na nakala ibaki kwenu, msiliachie shirika lililowaalika.