Shangazi Zuwena hakuwa na sauti nzuri

Miembeni, Ijumaa baada ya alasiri

Mwanangu Suleiman,

Assalaam alaykum. Sisi hatujambo. Bibi yako mguu umepungua uvimbe, na paka wako kazaa tena juu ya kabati la vyombo.

Ujumbe wako nimeusikiliza mara tatu. Naurejea hapa kwa maandishi usije ukasema mama kajibu jengine. Katika hiyo filamu fupi mnayotengeneza huko Dar mna mzee kipofu. Wenzako wanataka apige udi, na mwisho apone. Wewe hutaki. Unaniuliza kwa nini kipofu wa kwenye picha, wa kwenye nyimbo na wa kwenye michoro lazima awe mwimbaji, au mwenye hekima, au afunguke macho dakika ya mwisho. Na huyu wenu mumfanyeje?

Nilitaka kukujibu kwa sauti, lakini kila nikianza kunoga kidole kinateleza, ujumbe unakwenda nusu. Ndiyo nimechukua kalamu.

Shangazi Zuwena hakuwa na sauti nzuri. Naanza hapo. Wewe unamkumbuka kwa mkebe wake wa kashata na kwa kukupapasa kichwa akisema "hichi kichwa cha kwao babake." Mimi nimelala naye chumba kimoja mpaka naolewa. Surua ilimchukua macho akiwa na miaka minne, rangi hakuikumbuka hata moja, na bado mikeka yake ya rangi ilikuwa ikigombewa. Kazi yangu kila nikitoka chuoni ilikuwa kumtengea ukili: nyekundu anaifunga fundo moja, zambarau mafundo mawili, nyeupe haifungwi. Nikikosea mimi, mkeka mzima umeharibika na lawama anapata yeye. Alikuwa mbishi, mchoyo wa sukari, na hakuna ndoa iliyovunjika mtaani asiijue kabla ya talaka kuandikwa.

Kwenye harusi ya mjomba wako Khamis, Kikwajuni, wanawake walimsukuma mbele aimbe. Kipofu bwana! Mungu akichukua macho si hutia sauti? Akaimba beti moja. Mpiga kodiani alipotea njia, watoto wakaangua kicheko, na yeye mwenyewe akacheka kuwashinda wote, akarudi kukaa: "Haya, mmeridhika?" Hawakumwomba tena. Unaona kwa hiyo, swali lako yeye alikwishalijibu zamani.

Lakini silo nililotaka kukuhadithia.

Nilikuwa na miaka kumi na mbili, na mjini lilikuwa limefika picha la Amar Akbar Anthony, lile lililotengenezwa 1977, watu wanaliona mara tatu tatu. Shangazi alikuwa mpenzi wa sinema kuliko mtu yeyote nyumbani. Tulitoka Miembeni kwa miguu, tukakata Mnazi Mmoja, hadi Majestic pale Vuga. Yeye alisikiliza, mimi nikamhadithia sikioni. Mwanzo wanawake wa mbele walinifyonya. Kufika katikati wamejiegemeza nyuma wanisikie vizuri, maana Kihindi tulikuwa hatukijui sote, tunakisia tu, na mimi nilikuwa nakisia kwa sauti.

Kuna pahala mama amelazwa hospitali anahitaji damu. Wanaume watatu wamelala vitandani wanamtolea, wote ni wanawe wa kuzaa, na hakuna anayejua. Mpira mmoja kwa kila mkono, yote mitatu inapanda kwenye chupa moja, na kwenye chupa unashuka mmoja kwa mama. Hili sikuweza kulisema, nikamchorea kwa kidole kwenye kiganja: mistari mitatu, duara, mstari mmoja. Akanambia, "Uongo huo, damu haipandi juu." Nikamwambia ndivyo inavyoonekana. Alicheka mpaka ushungi ukamwanguka.

Basi mama yule ndiye kipofu wa picha. Baadaye anakimbizwa, anajikuta kwenye hekalu la mtakatifu wao, Sai Baba, na Akbar, mmoja wa wale wanawe watatu, yumo ndani anaimba, sauti ya Mohammed Rafi ile, inakuingia mpaka kwenye mifupa. Kwenye sanamu zinatoka taa mbili, zinaelea hewani, zinamwingia machoni. Anaona!

Ukumbi ulipasuka. Vigelegele. Mmoja nyuma yetu analia "kaona, bibi kaona," na mwengine anasema astaghfirullah, sanamu hilo, huku naye anajifuta machozi kwa buibui. Mimi ubaridi ulinishika. Shangazi akanivuta mkono: "Kumetokea nini?"

Nikamwambia, "Wanaimba tu."

Maneno mawili. Nimekaa nayo miaka zaidi ya arubaini.

Hakunisema. Tulirudi njia ile ile, akaninunulia njugu, akauliza habari za nguo za mchumba wa Anthony. Wiki iliyofuata lilikuja picha jengine. Nikavaa viatu mapema, nikakaa barazani namngoja. Akatoka kashikana mkono na Asha. "Leo nakwenda na Asha," akasema. "Asha hunambia."

Najua sasa hivi unasema, haya, mama kaanza na huruma yake. Ndiyo, naanza. Huruma ina uchoyo ndani yake. Nilimwonea huruma Shangazi, nikamnyima picha ambalo watu mia kadhaa walikuwa wakilifaidi pale pale alipokaa, kwa kiingilio alicholipa yeye, chake na changu. Na masikio anayo! "Kaona" alikuwa amekwisha kuisikia pande zote. Alilokuwa akiniuliza ni vipi.

Sasa nisikilize, maana hapa najipinga mwenyewe. Asha ndiye aliyekuwa mwongo kutushinda sote, hata leo umwulize bei ya samaki uone. Alimtia tembo kwenye picha lisilo na tembo. Stelingi akivaa shati jeupe, Asha alimvisha la dhahabu. Na Shangazi alijua, kwa sababu akirudi nyumbani alikuwa akiniuliza mimi kwa kunipima, "Eti kulikuwa na tembo?" Kwa hiyo si ukweli aliokuwa akiutaka? Nimelifikiria hili kwenye jiko, kwenye daladala, hata siku namzika. Jibu langu ni kwamba mimi nilimkatia, Asha alimzidishia. Alieweza kumsamehe ni yule aliyemzidishia. Lakini nikilala nikiamka naona jibu lenyewe linanipendelea mimi, basi sijui.

Umesoma Surat Abasa kwa Maalim Juma, tena ulichapwa kwayo, huwezi kuwa umeisahau. Abdullah bin Umm Maktum, kipofu, anamjia Mtume naye ameshughulika na wakubwa wa Makureshi, akakunja uso, na Mwenyezi Mungu akateremsha aya kwa ajili ya kipofu yule. Watu huhadithia hapo wakanyamaza. Mimi napenda ya baadaye, kwamba alifanywa muadhini, na Ramadhani watu waliambiwa wale na wanywe mpaka aadhini yeye. Kipofu ndiye aliyekuwa akitangaza alfajiri! Na alikuwa haadhini mpaka aambiwe "kumepambazuka, kumepambazuka." Walimwambia. Hakuna aliyemwona maskini, akaona amfiche alfajiri asije akasononeka.

Marehemu baba yako angeanza na Wamisri, na kwa swali lako la udi angekuwa na haki. Zile kanda zake mlizozitia fangasi nyinyi kwa kuzichezea mvuani, nusu yake ni vipofu. Sayed Mekawy, aliyemtungia Umm Kulthum muziki wa "Ya Msaharny" mwaka 1972, kipofu. Sheikh Imam, aliyekuwa akitiwa ndani kwa nyimbo zake pamoja na mshairi Ahmed Fouad Negm, kipofu. Sheikh Muhammad Rifat, ambaye kisomo chake ndicho kilichofungua redio ya Misri mwaka 1934, kipofu. Wote walianzia kwenye Qur'ani. Mtoto asiyeona alihifadhishwa Msahafu, kwa sababu kusoma matangani na misikitini ilikuwa kazi iliyo wazi kwake, na maqam, zile njia za sauti za muziki wa Kiarabu, anazitoa huko huko. Kwa hiyo Mungu hakufanya biashara ya macho kwa sauti, kama walivyodhani wale wa Kikwajuni. Ni mlango mmoja uliachwa wazi, wakapita wengi, nasi tukasimama nje tunashangaa mbona wote wametokea pale. Waambie hivyo wenzako. Udi si uongo, ila wautaje na ule mlango.

Na lile picha la Kimisri alilokuwa akilirudia baba yako mpaka mkanda ukakwaruza, Kit Kat, la 1991, Sheikh Hosni ndani yake! Kipofu, ana udi pia, lakini anavuta bangi, anaendesha pikipiki katikati ya watu, na anamshika mkono kipofu mwenzake akajifanya yeye ana macho, anamhadithia yanayopita. Baba yako alikuwa akilia kwa kicheko. Mimi sikuwa nikicheka sana hapo, na hakunielewa, na sikumwambia.

Mwengine ni Ravindra Jain wa Bombay, mtunzi wa nyimbo za sinema. Amezaliwa haoni. Kwenye picha la Chitchor, la 1976, muziki ni wake na maneno ni yake, na humo mna wimbo wa kusifu uzuri wa kijiji cha msichana, aliouimba Yesudas, ambao Shangazi alikuwa akiuvuma huku anasuka, kwa sauti yake ile ya mlango mbovu. Hakujua kuwa aliyeutunga ni mwenzake. Hata mimi nimejua juzi juzi, kwa simu hii hii. Ningempa nini ajue!

Ule mchoro ulionitumia, wa yule mchoraji Bruegel, wa mwaka 1568, wako sita, wameshikana fimbo na mabega, wa mbele kashaanguka mtaroni chali, wa pili anamfuata, wa mwisho bado hajui kitu. Nimeukuza kwa vidole viwili. Unasema ni ukatili. Sikatai, maana yake ni ile ile ya kipofu kumwongoza kipofu, na sisi tunaisema mpaka kwenye siasa. Lakini tazama macho yao, mwanangu. Hakuna wawili walio sawa. Mmoja matundu matupu, mmoja yana ukungu mweupe. Yule mtu alikaa akawaangalia usoni, jambo ambalo nyumba yetu ilijaa wageni wasioliweza: wanaongea na Shangazi, wanatazama ukuta. Pengine ndiyo maana haunichomi kama unavyokuchoma wewe. Au pengine ningekasirika angekuwa Shangazi yule wa tatu.

Sasa apone au asipone. Hili si langu, filamu ni yenu, na nimejiapiza nisikuamulie kitu tangu ile habari ya chuo cha uhasibu. Ukiniuliza kwa kunibana nitasema mwacheni alivyo, mpeni ubishi, mpeni uchoyo wa sukari, na mpeni mtu wa kumhadithia. Lakini hapo hapo nakumbuka Charlie Chaplin, City Lights ya 1931. Msichana muuza maua anapona, anamwona yule masikini aliyemsaidia na hamjui, mpaka anapomgusa mkono. Macho anayo, na bado mkono ndio unaomtambua. Kama mnaweza kuponya namna ile, ponyeni. Hamuwezi, najua. Haya, nimenyamaza.

Nimalizie la Shangazi, kisha nikatie bibi yako mboga. Mwaka 1999, siku zake za mwisho, wewe unacheza na mkebe chini ya kitanda, mimi nampaka mafuta ya nazi miguuni, akanambia ghafla, "Zile taa ziliingia jicho gani kwanza?" Miaka ishirini hatujalitaja picha lile hata siku moja. Sikujifanya sijui anasema nini. Nikamhadithia yote, hekalu, Rafi, yule aliyekuwa akijifuta kwa buibui, na nikamwambia ziliingia kwa pamoja. Akatikisa kichwa. "Asha alinambia la kulia." Kumbe Asha alilirudia picha lile naye, bila mimi kujua.

Juzi nimelitafuta kwenye simu. Nimelipata, lakini zile taa zinaonekana kama punje za mtama, na kila nikilisimamisha nachelewa. Huko nyinyi mna mashine za kukata picha moja moja. Litazame pole pole, uniambie.

Mama yako