Yule tuliyemfukuza Julai 2015

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama kelele za uzalendo mitandaoni ni maoni ya wananchi kweli, au ni za wachache wenye bando. Kabla sijamaliza kulisoma swali nilishajibu: za wachache wenye bando. Lakini kuna jambo limenikaa rohoni miaka yote hii, acha nilitoe kwanza.

Mnaikumbuka Julai ile. Obama yuko njiani kuja Nairobi, CNN, wale wa televisheni ya Marekani, wakasema anakwenda kwenye kitovu cha ugaidi. Basi! Hashtegi ya #SomeoneTellCNN ("mtu awaambie CNN") ikafufuliwa (tulishawachapa nayo 2012, hao hao). Usiku ule nililala na simu kwenye chaji, waya mfupi, kichwa kimebanwa ukutani kando ya soketi, naandika. Nikapachika picha ya twiga, maghorofa nyuma yake, nikasema sisi ni kitovu cha riadha. Watu wakaisambaza. Simu ikawa inatetemeka kifuani, na nakiri raha ile sijawahi kuipata nikiimba wimbo wa taifa.

Akatokea msichana mmoja, hana picha, wafuasi hawafiki hamsini. Akaandika: "Binamu yangu aliuawa Garissa mwezi wa nne. Mbona waliochelewa kwenda kuwaokoa hatukuwakasirikia hivi?" Hayo tu. Watu 148 walikufa pale magaidi walipovamia chuo kikuu, na haikuwa imetimia hata miezi minne.

Nilimjibu kwa herufi kubwa kwamba ametumwa na mabeberu. Wenzangu nao wakamrukia; mmoja akamwambia ahamie huko huko CNN. Baada ya kama saa moja nikarudi kuona amejibu nini. Akaunti haikuwepo. Sikujali, nikarudi kwa twiga wangu.

Sasa, yale yalikuwa maoni ya wananchi? Nilikuja hapa kusema hapana. Ila Agosti mkubwa wa CNN, Tony Maddox, alipanda ndege hadi Nairobi kumwomba Rais Kenyatta radhi, na mama yangu, ambaye hajawahi kuwa na akaunti popote, alipiga vigelegele mbele ya redio. Siwezi kusema mama si mwananchi. Kwa hiyo ndiyo, yalikuwa yetu, angalau hasira ya kumkasirikia mgeni. Hiyo tunayo wote, na hatuhitaji bando. Kwa mambo ya ndani ya nyumba sina hakika, kwa sababu aliyetaka kuyasema tulimtoa mbio kabla hatujahesabu.

Na huenda nakosea. Huenda alifunga akaunti kwa sababu zake. Nimeshalitafuta jina lile la akaunti mara mbili tatu. Siku hizi analitumia mtu mwingine, anauza mawigi.