Jibu: Mkitaka kaunti ishughulikie saratani, anzeni na bajeti

Dada ameuliza kama kikundi cha akina mama kinaweza kuisukuma serikali ya kaunti ilete huduma ya saratani ya mlango wa kizazi karibu na watu, na kama waanze kwa gavana. Inawezekana kabisa, ila msianzie kwa gavana, wala msingoje maandamano ya Oktoba ya kuhamasisha watu kuhusu saratani. Anzeni na bajeti. Nimo kwenye kikundi kama chenu huku Pwani ya Kenya, na tulichopata tulikipatia humo.

Kilichotusukuma ni yaliyomkuta wifi yangu. Alikwenda kupimwa zahanati. Kipimo chenyewe ni chepesi: muuguzi hupaka siki iliyozimuliwa kwenye mlango wa kizazi, husubiri kama dakika moja, na pakigeuka peupe anajua pana mabadiliko. Kwa wifi paligeuka. Mabadiliko ya mwanzo kama hayo mara nyingi hutibiwa siku hiyo hiyo, kabla hayajawa saratani, na mtu akarudi kwake kwa miguu yake. Lakini gesi ya kugandishia sehemu iliyobadilika, ambayo ndiyo tiba yenyewe, ilikuwa imekwisha, na muuguzi hakujua mtungi utajazwa lini. Akaambiwa arudi siku nyingine. Nauli juu yake, kibarua cha siku kimepotea, na hofu anakwenda nayo nyumbani. Ni wangapi hawarudi?

Tukaanza kuuliza mbona gesi haipo. Tulizungushwa ofisi hadi ofisi, mpaka mhasibu mmoja akatufungulia kitabu cha makadirio ya bajeti. Saratani haikuwa na mstari wake. Ilikuwa ndani ya "huduma za kinga", pamoja na malaria na vyoo, na pesa zikipungua hakuna anayejua kilichokatwa ni kipi.

Chini ya Katiba ya 2010, zahanati na hospitali za kaunti ni jukumu la kaunti, kwa hiyo hapo ndipo pa kubana. Shikeni tarehe. Mpango wa maendeleo wa mwaka unatakiwa ufike bunge la kaunti kufikia Septemba 1, waraka wa mikakati ya fedha Februari 28, makadirio Aprili 30, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Watu wengi hujitokeza Mei, kutoa maoni juu ya makadirio. Wakati huo sheria inataka bunge likiongeza pesa mahali lipunguze pengine, na ni vigumu mno MCA, yaani mjumbe wa bunge la kaunti, kukubali kukata barabara ya wadi yake. Nendeni Julai au Agosti, mpango ukiwa bado unaandikwa.

Ombi lenu liwe na kitu kinachohesabika. Hatukuandika "tuboreshewe huduma za saratani." Tuliomba mashine za kutibu kwa joto, zisizohitaji mitungi ya gesi, tukavitaja vituo kwa majina na kuomba wauguzi wake wafunzwe. Bei tulisaidiwa na muuguzi mmoja anayeijua kazi. Takwimu tuliziomba kwa barua chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ambayo inaipa ofisi siku 21 kujibu: wangapi walipimwa, wangapi walikutwa na mabadiliko, wangapi walitibiwa. Pengo kati ya hesabu ya pili na ya tatu ndilo lililowafanya wanakamati wa afya waache simu zao na kusikiliza.

Kikaoni alisimama mama muuza samaki. Alimuuliza mwenyekiti swali moja tu: "Nikitafuta nauli tena, hiyo dawa nitaikuta?"

Mstari uliingia bajeti ya mwaka uliofuata. Pesa zilichelewa na mashine zilikuja pungufu ya tulizoomba, kwa hiyo sasa tunafuatilia ripoti za matumizi za kila robo mwaka. Msiache hatua hiyo, maana pesa iliyoandikwa si pesa iliyotoka.

Kuhusu malipo ya SHA, bima ya afya ya taifa, kwa wanaotibiwa saratani, hayo huamuliwa Nairobi. Msiyachanganye na ombi la kaunti. Chanjo ya wasichana dhidi ya HPV, virusi vinavyosababisha saratani hii, iliyozinduliwa Mombasa Oktoba 2019, pia hutoka serikali kuu, lakini usafiri wa wauguzi kwenda shuleni ni wa kaunti, na huo mnaweza kuudai.

Mkishaandika rasimu ya ombi iwekeni hapa, tuipitie pamoja kabla ya Agosti.